Mkono wa Kuandikia

Siku walipomvunja Fundi vidole, mkewe alikuwa darasani akifundisha somo la dola na mabavu. Alikuwa amefika pale anapowauliza wanafunzi swali lake la kila mwaka, kwamba katika nchi ni nani aliyepewa haki ya kumpiga mtu, na kijana mmoja wa mstari wa nyuma alikuwa amejibu, "Baba mwenye nyumba," darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka nao. Ndipo mlango ulipogongwa. Mlinzi wa geti alisimama pale na kofia mkononi.

"Shangazi, nenda nyumbani," alisema. "Wamemuumiza shemeji."

Chuoni kote walimwita Shangazi, kuanzia wafagiaji hadi mkuu wa kitivo, kwa sababu aliwagombeza wanafunzi kama watoto wa kaka yake: kwa sauti ya juu, mbele za watu, kisha akawanunulia chai. Alikuwa mhadhiri wa sayansi ya siasa, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa haraka, na jina lake la kwenye hati za mshahara watu wengi hawakulijua kabisa.

Mumewe alikuwa fundi cherehani mwenye banda lake nyuma ya soko. Katika uchaguzi mdogo wa mwaka ule alishona fulana za mgombea mmoja na bendera za mgombea mwingine, na walipomsema alijibu kwamba kitambaa hakina chama. Upande wenye nguvu haukupenda jibu hilo. Vijana walishuka kwenye lori asubuhi kweupe, watu wakiwa wanapita na vikapu vyao, wakaingia bandani na nyundo za kupasulia mawe. Walimlaza Fundi kifudifudi juu ya meza yake ya kukatia, wakamnyoosha mikono katikati ya chaki na vipande vya vitambaa, wakapiga mpaka ubao wa meza ukapasuka. Cherehani hawakuigusa. Waliiacha imesimama pale mbele yake kama ya kumdhihaki.

Vidole vilipona, lakini vilipona kwa ubishi, kila kimoja kimeelekea upande wake kama mzizi wa tangawizi. Fundi hakuweza tena kushika sindano wala mkasi. Miguu ilikuwa mizima, kwa hiyo Shangazi akitoka chuoni alikaa naye bandani, yeye Fundi akikanyaga cherehani na mkewe akipitisha nguo, huku Fundi akimwelekeza: vuta, legeza, geuza taratibu, umeenda upogo. Wateja walivumilia suruali zenye mshono wa nyoka kwa muda, kwa huruma. Polisi walisema upelelezi unaendelea. Askari aliyekuja kuandika maelezo aliangalia ile mikono iliyofungwa bandeji, akauliza kama sare ya mtoto wake itakuwa tayari Jumatatu.

Nani aliyetuma lile lori, mji mzima ulijua, na mtu huyo alishinda kiti chake na akaapishwa. Hilo halikumnyima Shangazi usingizi; alikuwa amefundisha mambo ya wakubwa kwa miaka mingi na hayakumshangaza. Kilichomkaa kooni kama mwiba wa samaki ni wale waliotumwa. Mtu humjui, hajakutukana, hajakuibia, unamshikaje mkono ukaupondaponda kisha ukapanda lori ukaenda zako? Alitafuta jibu vitabuni. Vitabu vilisema umaskini, vikasema ujana, vikasema ukosefu wa ajira, na aliyeviandika ilionekana wazi hajawahi kumuuliza kijana hata mmoja. Akaamua atawauliza yeye.

Kuamua ni rahisi. Chuo chenyewe hakikuwa na mbele wala nyuma. Ofisi ya idara ilikuwa chumba kimoja wanachogawana wahadhiri wanne, na kompyuta moja waliyoitumia kwa zamu kama wagonjwa wanaogawana kitanda. Wino wa kuchapishia mitihani walichangishana. Jarida jipya kuliko yote maktabani lilikuwa na umri sawa na wanafunzi wenyewe. Shangazi alipokwenda kwa mkuu wa kitivo kuomba fedha za utafiti, mzee huyo, ambaye hakuwa mbaya, alicheka mpaka akavua miwani. Alimwambia hapa hata chaki tunazihesabu, mwanangu, wewe unataka utafiti.

Ndipo akasikia kwamba chama kimoja cha wanazuoni wa siasa kinatoa ruzuku ndogo kwa watafiti ambao vyuo vyao havina kitu. Aliomba. Wakamkatalia, kwa maelezo kwamba maandishi aliyoyarejea yamepitwa na wakati. Ilikuwa sawa na kumlaumu mfungwa kwamba hatembei. Shangazi alikasirika siku nzima, kisha akamwandikia rafiki yake mmoja wa chuo kikubwa aliyekutana naye zamani kwenye kongamano, naye akamtumia makala mapya rundo zima. Aliyasoma yote, akagundua kwamba nayo hayajawauliza vijana, akaandika hivyo waziwazi, akaomba tena. Safari hii wakampa.

Ilikuwa ruzuku ndogo kweli. Wenzake wa vyuo vyenye uwezo wangeimaliza kwa chakula cha mchana cha kongamano moja. Kwake ilitosha kinasa sauti, nauli, na malipo ya mama mmoja wa kuchapa mahojiano. Ilikuja na sharti, na sharti hilo alilitia saini kwa moyo wote: atakachoambiwa na mtu, hatamtaja mtu huyo kwa yeyote. Si kwa polisi, si kwa mwajiri, si kwa ndugu. Asiyeweza kutunza siri ya anayemhoji hana kazi ya utafiti, ndivyo alivyowafundisha wanafunzi wake mwenyewe.

Vijana wa lori walitoka machimboni. Hilo nalo mji mzima ulijua. Nje kidogo ya mji kulikuwa na kilima kilichokuwa kimeliwa nusu, wanaume wakipasua miamba juu, wengine wakiponda mawe chini kuwa kokoto, vumbi jeupe limewakaa kwenye nyusi kama wazee. Kazi yenyewe ilikuwa ukatili mtupu. Vipande vya mawe viliruka vikawatoboa macho. Karibu kila kikundi kilikuwa na chongo mmoja. Msimamizi wao waliyemwita Nyapara, mtu mnene aliyetembea na kipande cha mpira wa gari mkononi, aliwachapa nacho miguuni kama anavyochapwa punda, na watu wazima wenye watoto wakakubali.

Siku ya kwanza Shangazi hakumaliza hata salamu. Jiwe lilitoka juu likampiga begani akaanguka magoti, na kicheko kikapasuka kilima kizima. Aliinuka, akajipangusa gauni, akasema kwa ile sauti ya darasani kwamba aliyerusha ana shabaha mbovu, kwa umbali ule yeye angepiga kichwa. Wakacheka tena, lakini safari hii kicheko kilikuwa kingine. Alimweleza Nyapara kwamba anaandika kuhusu maisha ya wafanyakazi, jambo ambalo lilikuwa kweli, na Nyapara, aliyedhani mwalimu huyu anaweza kumwandikia barua ya kuomba mashine ya kusaga, alimruhusu akae.

Akawa anakwenda kila alipokosa kipindi. Alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, kwenye kivuli cha turubai, akanasa sauti na kuandika. Mbele ya macho yake wanaume wawili waligombea kivuli hicho hicho siku moja ya jua kali. Mmoja alimpiga mwenzake bapa la koleo kwenye taya, meno yakatawanyika juu ya kokoto, meupe kwenye weupe. Hakuna aliyewaamua. Nyapara alisubiri aliyeanguka ainuke, akamchapa kwa kupoteza muda, na yule mtu akarudi kuponda mawe akitema damu pembeni. Shangazi aliandika yote.

Aliyemzoea kuliko wote ni kijana waliyemwita Kimya. Jina lilikuwa la kejeli, maana alikuwa haishiwi maneno; angeongea na jiwe kama hakuna mtu. Alikuwa na mabega mapana na sikio moja lililonyofoka nusu, na alimpangusia Shangazi ndoo kwa fulana yake kabla hajakaa. Alimtania kwa sababu Shangazi ni mashoto, akasema anaandika kama mtu anayesukuma ukuta. Yeye ndiye aliyemweleza jinsi mambo yanavyokwenda. Msimu wa kampeni ukifika, lori huja. Wanapewa chakula, fulana na pombe, na Nyapara anapewa majina. Asiyepanda lori hana kazi machimboni kesho yake.

"Na ukimpiga mtu, unawaza nini?" Shangazi alimuuliza.

Kimya alifikiri. "Shangazi, mtu anayepasua mawe kutwa mkono wake haujui tena. Jiwe na mfupa tofauti ni kelele tu."

Halafu, bila kuulizwa, akasimulia. Alisema kuna mmoja tu ambaye humrudia, fundi mmoja wa nguo kule nyuma ya soko. Wengine wote huwa wanaomba waachwe. Yule hakuomba kuachwa.

"Alikuwa anatuomba tumpige kichwani," Kimya alisema. "Anasema, nipigeni kichwa, wanangu, kichwa hiki hapa, mikono niachieni. Anakigonga kichwa mezani mwenyewe kutuonyesha. Mimi ndiye niliyekuwa na nyundo."

Kinasa sauti kilikuwa kinawaka taa yake nyekundu. Shangazi aliangalia maswali yake aliyoyaandaa, akasoma lililofuata kama lilivyoandikwa: baada ya tukio, ulikwenda wapi? Kimya akasema alikwenda nyumbani, akala, akalala fofofo. Ndoto zilikuja baadaye.

Jioni ile bandani, Fundi alipokanyaga cherehani na kusema vuta, Shangazi alivuta kidole chake mwenyewe chini ya sindano. Sindano ilipita kwenye ukucha ikatokea upande wa pili. Fundi alitaharuki akitafuta kitambaa kwa viganja vyake visivyoshika, akimpa pole, akijilaumu kwa kukanyaga kwa kasi. Shangazi alilia kupita kiasi cha jeraha. Mumewe hakuwahi kumwambia kuhusu kichwa. Alikuwa amesema tu, walinipiga, na kwa miaka yote hiyo mkewe alidhani ameshasikia yote.

Angemwambia nini? Kwamba amemjua mtu mwenyewe, anamjua jina, ameshiriki naye maji ya kunywa kwenye kikombe kimoja? Sharti lilikuwa sharti. Alilala akiwa ameelekea ukutani. Moyoni mwake kulikuwa na kitu alichokuwa akikisoma kwa wengine tu, na sasa alikiona kwa sura yake: alitaka kumwona Kimya akitoka damu. Alitaka kuwa yeye mwenyewe wa kuitoa. Siku aliyorudi machimboni, mkoba wake ulikuwa na ule mkasi mkubwa wa Fundi wa kukatia suti, ambao tangu siku ya nyundo hakuna aliyeutumia.

Kimya alimpangusia ndoo kama kawaida. Alikuwa anasimulia habari ya mtoto wake aliyeanza kutembea, ameinama, shingo yake yote iko wazi, vumbi limejichora kwenye mikunjo ya ngozi. Shangazi aliingiza mkono mkobani akaushika mkasi. Baadaye alipoulizwa na nafsi yake kama angefanya, hakupata jibu, na hakujidanganya kwamba analo. Kwa maana lori liliingia wakati huo huo.

Kampeni mpya zilikuwa zinaanza. Watu wa mgombea yule yule wa mwaka ule walikuwa wamesikia kwamba mwanamke mmoja wa chuoni anakusanya habari za uchaguzi uliopita, na walimfokea Nyapara mbele ya vijana wake mpaka mate yakamrukia usoni. Nyapara naye akahitaji mtu wa kumshushia aibu ile. Alimjia Shangazi moja kwa moja, akamtandika ule mpira usoni, mdomo ukapasuka. Alipoanguka, watu wa lori walimkanyaga tumboni na mgongoni. Alisikia ubavu wake ukilia kama kijiti. Kinasa sauti kilisagwa kwa kisigino. Hawakujua kwamba maneno yote ya wiki zilizopita yalikwisha kuchapwa zamani na yapo chuoni. Mkoba ukamwagwa chini, na mkasi ukaanguka kwenye kokoto kwa mlio.

Nyapara aliuokota, akaugeuza juani, akacheka. "Kumbe mwalimu naye leo kaja kazini."

Kimya hakucheka. Aliutazama ule mkasi mweusi wa mafundi wa nguo, akamtazama Shangazi, akarudi kwenye mkasi. Shangazi aliona uso wake ukibadilika taratibu, kama wa mtu anayesoma kwa shida na sasa amefika mwisho wa sentensi.

"Wewe ndiye swahiba wake," Nyapara alimwambia, akimkabidhi nyundo. "Anaandikia mkono upi?"

Wapondaji wa chini walikuwa wamesimamisha kazi.

"Wa kulia," Kimya alisema.

Wawili walimshika Shangazi. Waliulaza mkono wake wa kulia juu ya jiwe la kupondea, kiganja juu. Shangazi hakuomba chochote. Kimya aliinua nyundo akapiga, na alipiga kweli, hakukuwa na kuigiza, kwa kuwa Nyapara alikuwa ameinama pale pale akiangalia. Pigo la kwanza lilikata pumzi yake. La pili alilisikia zaidi kuliko kulihisi, na akakumbuka ule usemi wa kelele. Kisha akazirai. Walimpakia kwenye lori juu ya kokoto wakaenda kumtupa kando ya barabara, ambako wauza mkaa walimkuta na kumpeleka hospitali.

Fundi alikaa naye wodini kila siku. Alimlisha uji kwa kijiko alichokibana kati ya viganja viwili kama mtu anayesali, nusu ikafika mdomoni, nusu kifuani, na wifi yake Shangazi, aliyekuja kusaidia, alisema hajawahi kuona nyumba ambayo watu wawili wamebaki na mkono mmoja. Wakacheka wote watatu, Shangazi akishika ubavu. Wifi alipotoka kwenda kufua, Fundi alianza kusema. Alisimulia siku ile ya bandani, yote, mpaka akafika kwenye kichwa. Alisema aliona haya kumwambia. Mwanamume anaomba kuuawa ili mikono ibaki, mikono ambayo bila kichwa ingemshonea nani?

Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho. Alisikiliza kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza, na hakuna kazi ngumu kuliko hiyo aliyowahi kuifanya maishani.

Kwa polisi aliwataja wote wawili, Nyapara na Kimya. Alikuwa amelipima jambo hilo kwa siku kadhaa pale kitandani. Aliloambiwa ni siri ya kazi; alilotendewa ni mwili wake. Mkuu wa kitivo alikuja na machungwa, akamshauri kama baba aliachie hapo, utafiti si vita. Chama cha wanazuoni nacho kiliandika kwa upole kwamba hatadaiwa ripoti, apumzike. Aliwajibu kwamba ripoti wataipata. Aliiandika kwa mkono wake wa kushoto, ule wa siku zote, huku wa kulia ukiwa umefungwa plasta mpaka kiwiko, na katika ripoti ile Kimya hakuwa na jina, sikio, wala mtoto. Alikuwa sauti tu kati ya sauti nyingi.

Mgombea alishinda tena. Baada ya hapo kelele za magazeti zikawalazimu polisi kumkamata mtu. Nyapara alikuwa ameyeyuka kama chumvi. Kimya walimkuta machimboni anaponda mawe.

Mahakama ilikuwa chumba kidogo chenye mabenchi ya kuyumba, feni moja inayozunguka bila kutoa upepo. Kimya alikiri kosa. Shangazi alipotoa ushahidi alieleza alivyopigwa, kisha akaongeza kwamba mshtakiwa alijua yeye ni mashoto na alisema uongo kuhusu mkono. Hakimu aliinua kichwa akamuuliza kama anamaanisha alimhurumia.

"Nasema alinivunja mkono," Shangazi alijibu. "Na nasema alijua mimi ni mashoto. Yote mawili ni kweli, mheshimiwa."

Kisha hakimu alimuuliza Kimya kama ana la kusema kabla ya hukumu, na Kimya, ambaye tangu siku ile alikuwa hasemi na mtu, alifunguka kama bomba lililopasuka. Alisema hilo si la kwanza. Alisema la fundi wa nguo, na nyundo, na meza, na kichwa. Alisema hataki kufungwa kwa mkono mmoja wakati amevunja mitatu. Na akasema, bila kujua anachokifanya, "Mama huyu nilishamweleza yote siku nyingi."

Fundi alikuwa ameketi benchi la pili. Hakumtazama Kimya. Aligeuka taratibu akamtazama mkewe.

Walipomtoa mshtakiwa kwenye ujia na pingu zake, Fundi, mtu ambaye hajawahi kumpiga hata mbwa, alijirusha kati ya askari wawili. Hakuwa na ngumi, vidole havikunjiki. Alimshika Kimya masikio kwa viganja akampiga kichwa. Akampiga tena. Pua ya Kimya ilipasuka, damu ikawachafua wote wawili, na bado Fundi alipiga, paji la uso wake likichanika, mlio wake ukisikika hadi nje kwenye ngazi. Kimya hakujikinga. Askari walipomvuta Fundi, alikuwa anatetemeka kama kuku aliyechinjwa, na hakuna aliyemfungulia kesi.

Nyumbani hakungoja hata kukaa.

"Ulijua," alisema.

Shangazi alitaka kueleza kuhusu sharti, kuhusu saini, kuhusu kazi. Maneno yote yalikuwapo na hakuna hata moja lililotosha. Akasema, "Nilijua."

"Nilikaa hospitali nakwambia mambo ambayo sijamwambia hata mama yangu. Ukanitazama kama huyajui."

"Nilikuwa nimeahidi."

"Mimi pia uliniahidi," Fundi alisema, "mbele ya watu wengi zaidi." Akachukua godoro dogo na shuka, akahamia bandani.

Wifi alikuja kumsuta Shangazi, akasema mke gani anatunza siri ya jambazi kuliko ya mumewe. Shangazi alimkaribisha chai, hakubishana. Alijua kwamba kama angesema, Fundi angekwenda machimboni siku hiyo hiyo na kichwa chake, na wangemmaliza. Alijua pia kwamba si hiyo iliyomnyamazisha. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ametoa neno. Kila alipoyapima mawili hayo aliona yamelingana, na kulingana kwake hakukumsaidia kitu.

Ripoti ilitoka kwenye jarida la chama cha wanazuoni. Walioisoma walikuwa wachache, lakini waliisoma vizuri. Chuo kimoja cha mbali kiliifundisha. Mkuu wa kitivo aliubandika ukurasa wake wa kwanza kwenye ubao wa matangazo, na alipokutana na Shangazi kwenye ngazi alivua miwani bila kucheka. Machimboni lori liliendelea kuja. Kimya alipata kifungo kirefu. Shangazi alimpelekea mkewe unga mara moja, yule mwanamke akaupokea mlangoni bila kumkaribisha ndani, na ilikuwa haki yake.

Mchana alifundisha, jioni alipika akampelekea Fundi chakula bandani. Alikiweka juu ya ile meza iliyopasuka, akatoka. Sahani ilirudi tupu na imeoshwa, pasipo neno. Watu walisema ile ndoa imekufa na kinachosubiriwa ni kuzikwa.

Masika yalipoanza kwa nguvu, mvua ikinyesha tangu alfajiri, Shangazi alikuwa jikoni akisahihisha mitihani aliposikia mlango ukisukumwa kwa bega. Fundi aliingia amelowa chapachapa, godoro limekunjwa kichwani, linamwaga maji kama ndoo iliyotoboka. Alilitua katikati ya chumba. Walitazamana.

"Sijasamehe," Fundi alisema. "Banda linavuja."

Shangazi alisogeza mitihani pembeni, akainuka kumtafutia nguo kavu, na mumewe akanyoosha mikono ili amfungulie vifungo vya shati.